Viboko Saa Nne

Hemedi Nandonde ana miaka arobaini na mmoja, na katika miaka sita ya kuongoza watalii amepoteza mtalii mmoja tu, naye alipatikana siku hiyohiyo, amekaa ndani ya duka la dawa Mikindani anapigwa na feni. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Chikongola, mjini Mtwara, wanaopenda kusema Hemedi hajui kazi. Mimi ndiye mpishi wa safari zake. Naitwa Modesta, kwetu Njombe, mume wangu yuko bandarini, na mtu asiyejua kazi nisingekubali kumbebea masufuria.

Kabla ya hapo alikuwa mhudumu wa hoteli, enzi zile mji mzima ulipokuwa unasubiri matajiri wa gesi. Matajiri walikuja, wakanywa chai, wakaondoka, hoteli ikabaki na vitanda arobaini na Hemedi. Akaenda Nanyamba kupima korosho ghalani. Misimu miwili tu, kifua kikakataa vumbi. Ndipo kampuni moja ya safari ya Dar ikaanza kumwita kila inapoleta wageni huku kusini, kama anavyoitwa fundi bomba: njoo, tengeneza, nenda zako. Mkataba hana, bima hana, na kila safari ikiisha hajui kama kuna nyingine.

Mwaka jana, mwezi wa nane, bosi wa kampuni hiyo, bwana Elisha, akampigia simu. Kampuni inataka mtu wa kudumu Mtwara. Safari inayokuja ndiyo mtihani wake. Kiongozi wa wageni ataandika ripoti, na ripoti ikiwa nzuri, Hemedi ataajiriwa. Alikuja jikoni kwangu kunieleza. Nilimpa kigoda akashindwa kukaa, akaeleza yote amesimama huku anafunika na kufunua sufuria langu la maharage. Nilifurahi sana kwa ajili yake, ila maharage yale hayakuiva vizuri.

Wageni wenyewe walikuwa wastaafu kumi na wawili kutoka Moshi. Kiongozi wao, Mama Irene, aliwahi kuwa mkaguzi wa shule, na nadhani hakuna aliyemwambia kwamba amestaafu. Alikuwa na filimbi shingoni na ratiba iliyotiwa plastiki ili isilowe. Siku ya kwanza: Mikindani, nyumba za kale. Siku ya pili: ufukwe wa Msimbati. Siku ya tatu: viboko wa Mto Ruvuma, saa nne kamili asubuhi. Hao viboko ndio walioandikwa kwa herufi nene.

Mikindani ilikwenda vizuri. Msimbati gari likazama mchangani, wastaafu wakasukuma, mmoja akapona mgongo uliokuwa unamsumbua tangu Pasaka. Pale ufukweni simu hazikuwa na mtandao usiku kucha, na Mama Irene alilalamika kama vile mimi ndiye niliyeufungia kabatini. Bwana Fredi, aliyekuwa karani wa mahakama, alipiga picha kila sahani ya pweza niliyompa, kisha akaniomba ugali na mboga. Nilimpa. Nayo akaipiga picha.

Sasa, viboko hawaonekani bila boti, na boti ilikuwa ya mzee Idrisa. Yaani Idrisa ndiye aliyeiendesha, lakini yenyewe ilikuwa mali ya mkewe, Mwanahawa, aliyeinunua kwa korosho za shamba lake mwenyewe, na kijiji kizima kililijua hilo. Boti ya mbao, ina mashine, inachukua watu sita kila safari. Mto ukikaribia bahari unajaa mafungu ya mchanga na mashine haina kazi pale. Mzee huizima, anashika upondo wake, mti mrefu uliochongwa ukalainika kwa viganja vyake, anachoma chini na kusukuma mpaka maji yapate kina tena.

Ukoo wa Idrisa na ukoo wa Hemedi ni watani tangu mababu. Kwa msomaji wa mbali niseme hivi: mtani wako anaruhusiwa kukutukana hadharani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Miaka sita yote Idrisa aliwaambia watalii, kwa sura ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba babu yake Hemedi aliiba mbuzi wao watatu. Hemedi naye alimtambulisha mzee kama nahodha wa mkewe. Kisha wanaingia botini wanagawana muhogo mmoja wa kuchoma. Sijawahi kuona watu wawili wanaopendana vile na wasiambizane neno moja zuri.

Siku ya tatu tukafika kijijini kwa mzee saa tatu na nusu, kabla ya wakati, na Hemedi alikuwa anatabasamu. Nikaliona tabasamu lile linaondoka. Boti ilikuwa imefungwa, mashine imetolewa. Uani kwa mzee Idrisa palikuwa na turubai, na wanaume wamekaa kwenye mikeka, kimya.

Mtu mmoja akainuka akaja mpaka kwenye mlango wa gari. Alikuwa Mohamedi, kaka yake Mwanahawa.

"Mtani, umechelewa," akasema. "Mzee kafariki alfajiri. Tumekupigia mpaka vidole vimechoka, simu yako haipatikani."

Hemedi alifungua mlango. Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya gari kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Watani wengine wote wako Newala kwenye harusi," Mohamedi akaendelea. "Upo wewe tu. Tunazika baada ya adhuhuri. Utamwacha mzee aondoke kavukavu, kama mtu asiye na watani?"

Kule kwetu Njombe mtani wa msiba sikumjua sana, lakini nimekaa Mtwara miaka kumi na nne na nimeona. Wafiwa wanalia, na kazi ya mtani ni kuwakatiza. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anamsema mabaya yake yote mbele ya jeneza, anapora kitu cha nyumba ile na hakirudishi mpaka kikombolewe kwa jogoo. Msiba usio na mtani watu wanaukumbuka vibaya.

Mama Irene akachungulia juu ya bega langu. "Nani atatupeleka kwa viboko?"

Hemedi akampigia bosi. Sauti ya bwana Elisha ina nguvu, hata asiyetaka kusikia husikia. Akasema Kitaya kuna boti nyingine, wageni wapelekwe huko mara moja, na wageni hawakulipia msiba. Hemedi akamwambia marehemu ni mtani wake. Bosi akasema, "Hemedi, nisikilize. Ukiingia kwenye huo msiba, kazi ya kudumu hesabu huna." Kisha akakata.

Niliona uso wa Hemedi, na nilitamani nimtafute huyo bosi nimpige na mwiko. Hemedi akafuta vumbi la kioo cha simu kwa shati, akaizima, akaitia mfukoni.

"Mama Irene," akasema, "dereva anaijua njia ya Kitaya. Atawapeleka. Mimi nabaki. Nisamehe, mama yangu."

Mama Irene akapuliza filimbi, ndani ya gari, sikio langu likiwa karibu. "Wanaotaka kwenda Kitaya wanyooshe mikono!"

Mkono pekee ulionyooka ni wa bwana Fredi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaugeuza kuwa mkono wa kujikuna kichwa.

"Saa tatu na dakika hamsini," Mama Irene akasema huku anaandika kwenye daftari lake. "Msiba. Shukeni, jifungeni kanga." Dakika kumi baadaye wanawake wa Moshi walikuwa wanamenya mihogo ya watu wasiowajua, wakibishana kuhusu chumvi. Mimi nikaingia jikoni na masufuria yangu, maana sufuria kubwa halikai bure palipo na msiba.

Mwanahawa alikuwa ndani, amekaa chini, binti yake Nuru pembeni. Nikampa pole. Nikamaliza pole, nikabaki nimechuchumaa pale, na mdomo wangu ukafanya kazi usiyotumwa. Nikamwambia: Hemedi amefukuzwa kazi sasa hivi, kwa sababu ya kubaki hapa. Nilijuta kabla sijafika mwisho. Mfiwa huyo, nawe unamletea habari za ajira.

Aliniuliza tu wageni wangapi watakula. Nikasema kumi na watatu pamoja na dereva. Akamwambia Nuru aongeze mchele.

Nilipotoka, Hemedi alikuwa ameshaanza. Alikuwa amevaa jaketi la kujiokolea majini la mzee, lile la rangi ya chungwa ambalo Idrisa alikataa kulivaa maisha yake yote kwa madai kwamba linamnenepesha. Ameweka mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyooka mbele, na sauti yake ilikuwa ya Idrisa kabisa.

"Wageni wangu! Kiboko yule pale! Tulieni, amelala."

Akageuka, akawa mgeni. "Mzee, lakini ana majani."

Akarudi kuwa Idrisa. "Kiboko akizeeka huota majani."

Uani pakapasuka. Nilimwona Mohamedi anacheka na machozi yako palepale. Hemedi akaenda mpaka karibu na mlango wa chumba alimolazwa marehemu, akapaza sauti: "Idrisa! Leo umelala mpaka saa hizi? Wageni wamefika na boti ya mkeo haina mashine! Au umesikia nakuja kudai? Mbuzi hao mnaosema babu yangu aliwaiba walikimbia wenyewe, walichoka kuishi na nyinyi!" Mtu akaanza kulia kwa sauti, Hemedi akamfuata na jaketi lake, akamkaribia uso kwa uso: "Unalia nini wewe? Alikuahidi safari ya bure?" Yule akacheka huku anajifuta kamasi.

Sheikh wa kijiji hayapendi mambo haya na alishayasema sana msikitini. Lakini ni mtu wa hapohapo, na mzee alikuwa rafiki yake. Akageukia upande wa choo na kukitazama choo muda mrefu sana. Wastaafu wa Moshi walikuwa wameacha kumenya mihogo. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama huyu kijana ana akili timamu. Nikamwambia anafanya kazi.

Baada ya swala ya adhuhuri jeneza likatolewa. Wanaume wakaliinua mabegani, wakapiga hatua kuelekea njia ya makaburini, na hapo Hemedi akachomoka nyuma ya nyumba ameshika upondo wa mzee. Akausimika katikati ya njia, akasimama nao.

"Hapiti mtu! Nimepora! Huu mti wangu sasa, mpaka nipewe jogoo. Tena jogoo mwenye mwili, sitaki wale wenu wanaofanana na Idrisa."

Watu wakacheka, jeneza likasimama. Mohamedi alikuwa amejiandaa. Jogoo mwekundu alikuwa tayari amefungwa miguu chini ya uchaga. Akaenda kumchukua. Ndivyo inavyokuwa siku zote: jogoo anatolewa, kitu kinarudi, marehemu anapita.

"Mwacheni jogoo."

Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa ya Mwanahawa. Hatukumwona, tulimsikia tu.

"Hatukomboi," akasema.

Watu wakacheka zaidi, wakidhani mjane naye amejibu utani. Hemedi alichangamka, akaugonga upondo chini. "Basi naondoka nao! Msije mkanifuata!"

"Ondoka nao."

"Nitaugeuza kuni!"

"Ni wako, ufanye utakavyo. Lakini boti iko pale imefungwa, na mashine nimeiweka chumba cha nyuma. Wanangu wote wanawake, kazi hiyo hawaijui, na mimi naingia eda." Hakuna aliyekuwa anacheka tena. "Walimu wa Nanyamba wanakuja Jumamosi, mzee alishawaahidi. Maji yatajaa saa tatu. Usichelewe, Hemedi."

Hemedi alifungua mdomo. Mtani wa msiba hakosi jibu, hiyo ndiyo kazi yake, na watu wote uani walikuwa wanamngoja. Mohamedi alimshikilia jogoo kifuani, hajui amweke wapi. Hemedi alitazama upondo, pale katikati palipolainika, akaweka kiganja chake palepale. Akachutama njiani na jaketi lake la chungwa, akaukumbatia ule mti, akalia kwa sauti mbele ya wafiwa aliokuwa akiwakatiza kulia tangu asubuhi.

Nilisikia Mama Irene karibu nami anapenga kamasi. Daftari lake lilikuwa limefungwa.

Sheikh akainama. "Hemedi," akamwambia polepole, "tupishe, baba. Muda unakwenda."

Hakusikia. Ikabidi wabeba jeneza wakanyage majani ya pembeni, wakamzunguka.