Nyuma ya Mtu Anayeshindwa

Leo nimemuaibisha binti yangu mbele ya chama kizima, na sijutii.

Tulikuwa mkutanoni hapa Burnsville, ughaibuni, kuchagua mgombea wa chama wa bunge la jimbo. Tukaambiwa kila mtu asimame na mgombea wake.

Jameni, kama kura za mlolongo kule kwetu Kenya, tulipopiga foleni nyuma ya mgombea!

Mgombea mmoja, mama, akabaki peke yake. Nikamwendea.

"Mum, rudi! Huyo anashindwa!"

"Wacha ashindwe akiwa na mtu nyuma yake."

Kashindwa kweli.

Siku ya mlolongo pale sokoni kwetu, marehemu mume wangu alisimama nyuma ya mgombea mmoja, mwalimu aliyekataliwa na soko zima. Nami nikasimama nyuma ya mume wangu. Walitucheka! Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono, mara ya kwanza mbele za watu.

Wa rika langu, nyinyi mlisimama nyuma ya nani?