Jua Nililowauzia Wengine

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya Novemba, na Brussels ilikuwa na ile mvua yake isiyonyesha wala kukoma. Ofisi ya safari iliyoniajiri ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, kati ya fundi wa simu na kinyozi. Mkuu wa tawi, ambaye sote tulimwita Monsieur le Gérant, alinipa kiti, kisha badala ya kunionyesha kompyuta akanionyesha dirisha. Nje watu walikuwa wanapita wameinamisha vichwa.

"Waangalie vizuri, Madame Clémence," aliniambia. "Kila anayeinama hivyo ni mteja wetu. Ila bado hajajijua."

Nilikuwa nimetoka Lubumbashi, nina diploma ya ukarani na mtoto mmoja mgongoni. Kwetu jua halikuwa kitu cha kununua. Ilinichukua muda kuamini kwamba mtu mzima, mwenye kazi na nyumba, angekaa mbele yangu na kuniuliza kwa unyonge ni wapi angeweza kuliona bila kufilisika.

Ninyi vijana mnapanga safari kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze sisi tulivyofanya. Mteja wa kawaida alianza na mahali. Monsieur le Gérant alitufundisha kuanza na tarehe. Wakati wa Noeli, na wiki ya likizo ya shule ya Carnaval, karibu na mwisho wa Februari, bei hupanda kwa kila mtu. Lakini kati ya hizo mbili, baada ya sikukuu, na kabla ya Noeli, mwishoni mwa Novemba, kuna kile tulichokiita msimu mfu: ndege zinaruka na viti vitupu, hoteli zina wahudumu wengi kuliko wageni. Asiye na mtoto wa shule nilimpeleka huko moja kwa moja. Halafu uwanja wa ndege: tiketi ya Charleroi ilionekana rahisi mpaka uongeze basi la kwenda huko alfajiri na malipo ya begi. Halafu chakula. Wenye watoto niliwapa mpango wa kila kitu ndani, maana mtoto hamalizi kuomba juisi. Wanaopenda kutembea niliwapa demi-pension, yaani unakula hotelini asubuhi na jioni, mchana unajitafutia mwenyewe. Na ndugu zetu wenye kadi ya ukaazi ya Ubelgiji lakini pasipoti ya Kongo niliwaelekeza visiwa vya Kanari, kwa kuwa ni Uhispania na hawakuhitaji viza nyingine, tofauti na Misri au Moroko.

Niliuza vizuri. Niliuza kisiwa cha Fuerteventura mpaka nikajua mchanga wake una rangi gani na upepo wake unaanza saa ngapi. Nilijua kwa midomo ya wateja tu, sikuwahi kufika.

Kila msimu mfu hoteli zilialika wafanyakazi wa ofisi za safari waende bure kuona vyumba, ili warudi wakauze vizuri zaidi. Safari hizo tuliziita éductour. Miaka ile ya kwanza karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mtu wa aina yangu hakuruhusiwa kuvuka mpaka. Mwaliko ulipofika, Monsieur le Gérant alinitazama, akampa mwingine. Sikuumia sana. Mlango uliofungwa na serikali haumfanyi mtu amchukie jirani yake.

Kuumia kulianza nilipohamishiwa tawi la Flagey, chini ya Madame la Directrice, msimamizi wa matawi yote, mwanamke mrefu wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kukosea jina la mteja. Huko ndiko alikoletwa Séraphine. Alikuwa mtoto wa Likasi, mdogo kwangu kwa umri, mcheshi, anayecheka na mtu kabla hajajua jina lake. Nilifurahi kupata mwenzangu wa kusema naye Kiswahili. Nilimfundisha tarehe, viwanja vya ndege, demi-pension, yote. Kabla baridi haijaisha, Madame la Directrice akamtuma éductour ya Agadir, Moroko.

Alirudi ngozi inang'aa, miguuni viatu vya wazi katikati ya Februari. Wateja wakaanza kumsikiliza yeye. Mimi nilisema, "Wanasema bwawa ni zuri." Yeye alisema, "Miye niliogelea pale." Ungekuwa wewe mteja, ungekaa kwenye kiti cha nani?

Mwaka uliofuata akatumwa Djerba, kisha Hurghada, kisha Tenerife. Kila mara aliniletea zawadi, sabuni ya mafuta ya mzeituni au kitambaa, nami kila mara nilishukuru na kuvifungia kwenye droo. Harufu ya ile sabuni ilinifikia hata droo ikiwa imefungwa. Wakati huo karatasi zangu zilikuwa zimekamilika, pasipoti ya Ubelgiji iko mkobani, na bado jina langu halikutajwa.

Kisha likaja kundi la kwaya. Wamama wa kanisa letu, wengi wao wasaidizi wa wagonjwa kwenye hospitali na nyumba za wazee, walitaka kwenda jua pamoja, kwa bei ya watu wa mshahara wao. Nililipanga kundi lile kama mtu anavyosuka mkeka. Nilitafuta wiki, nikaishawishi hoteli ya Fuerteventura, nikapata basi la kuwapokea. Kwa desturi ya kazi yetu, kundi likiwa kubwa hoteli hutoa nafasi moja ya bure kwa anayeliongoza. Nilikwisha kununua kofia.

Madame la Directrice aliniita ofisini kwake.

"Séraphine ataenda na kundi," alisema.

"Madame, kundi ni langu."

"Ndiyo. Na Januari, watu wanapokata tiketi za kiangazi, ni yako pia. Watu wanaingia mlangoni wakiuliza Clémence yuko wapi. Ukiondoka wewe, nani atauza?"

"Kwa hiyo ninakaa kwa sababu ninajua kazi?"

Alifikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ndiyo," alisema. "Si haki, lakini ndivyo ilivyo."

Nilivaa koti nikazunguka mabwawa ya Ixelles mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi kichwani. Lakini binti yangu alikuwa chuoni, na nani angemwajiri mwanamke wa umri wangu? Nikarudi mezani. Séraphine alikuwa ananingoja.

"Maman, bon, miye sikuomba. Ni Directrice njo ananitumaka."

"Najua."

"Alors usinikasirikie."

"Sikukasirikii," nilimjibu, na hilo lilikuwa kweli. Hasira huisha. Hiki kilikuwa kitu kingine, kinachokula taratibu, na kilikuwa kimezoea kukaa kwangu.

Wamama walirudi wakiimba jina lake. Maman Albertine, kiongozi wa kwaya, alinishika mikono baada ya ibada akanieleza jinsi Séraphine alivyowasuka nywele kando ya bwawa na kuwafundisha kuelea. "Ulitupangia vizuri," aliongeza, kama mtu anayemshukuru mpishi akiwa tayari amesimama kuondoka. Wiki ile ile niliomba kuhamishiwa tawi la Jette.

Jette niliipenda. Wateja wangu walikuwa wauguzi waliotoka zamu na kusinzia huku nikiwatafutia ndege. Mkuu wa tawi alikuwa kijana mpole aliyeniacha nifanye kazi. Kwa miaka mingi sikuonana na Séraphine ila kwenye mikutano, na huko niliketi upande mwingine wa chumba.

Kisha Madame la Directrice akastaafu, na tukatangaziwa mrithi wake. Nadhani mmeshamjua.

Mkubwa wangu mpya alikuja Jette mwenyewe, amebeba keki. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Maman Clémence, kuko éductour ya Fuerteventura. Ile hôtel ya bamaman ba chorale. Niliandika jina yako."

Nilitazama uso wake. Hakukuwa na dhihaka wala huruma ndani yake. Ningeweza kusema ndiyo.

"Mpe mwingine," nilisema.

"Maman, donc utakataa mpaka lini?"

"Mpaka niende bila kutumwa na wewe."

Alinyanyuka polepole, akaiacha keki. Niliwapa wauguzi wa zamu ya mchana, wakaisifu sana.

Nilistaafu mwishoni mwa Oktoba. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kutoweka. Tawi la Gare du Nord lilishafungwa, na wateja waliobaki walikuja na simu mkononi kuhakikisha kama simu haiwadanganyi. Binti yangu alitaka kunipangia likizo kwenye simu yake. Nilimwambia aniachie. Nilichukua wiki ya Novemba, ndege ya kutoka Zaventem, uwanja wa karibu, kwa kuwa sikuwa na nguvu za basi la alfajiri, demi-pension, chumba cha bei ya chini kabisa, katika hoteli ileile. Sikukata tiketi kwenye ofisi yetu.

Fuerteventura ina upepo mwingi kuliko nilivyowaambia watu. Mezani pa mapokezi niliuliza kwa upole kama kuna chumba cha juu kinachotazama bahari, maana hoteli ilionekana nusu tupu. Binti wa mapokezi alitazama skrini, akatabasamu, akanibadilishia ufunguo bila kuniongezea chochote. Nilipanda juu. Nilifungua pazia.

Sitawaeleza bahari. Niliieleza maisha yangu yote, imetosha. Nitasema tu kwamba nilivua soksi, nikakaa kwenye roshani, jua likanishika magoti, na nilielewa kwa nini watu wale wa Novemba waliniangalia vile walivyoniangalia. Kama mtaniuliza kazi ile ilinipa nini, nitasema ilinipa uwezo wa kumfikisha mtu mahali kwa fedha alizonazo. Wivu wangu mlitegemea niseme umekwisha. Hapana. Nilikwenda nao, ukakaa kiti cha pili.

Nikapiga picha ya roshani na bahari, nikamtumia Séraphine bila neno lolote.

Jibu lilikuja haraka. "Maman, felicitations. Ile vue ya bahari ni ya kweli? Miye kila mara banani­lazaka nyuma, juu ya jikoni. Bahari ya pale sijaionaka kutoka mu chumba hata siku moya."

Nilisoma, nikasoma tena. Kisha nikasogeza kiti pembeni, nikanyoosha mkono, na kupiga picha nyingine ya kumtumia, nikihakikisha mara hii bahari yote imeingia.