Mtoto Aliyefunzwa Kumlilia Mama Aliye Hai

Miaka ya tisini nilikuwa naishi mtaa wa Landless, Thika, kwenye nyumba ya mabati niliyoijenga mwenyewe. Hadi leo niko humo humo. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanionea huruma. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mtu akinidanganya nikimtazama usoni sihitaji wa kunisomea.

Tulikuwa na kikundi cha akina mama cha kutunza mazingira na kuinua jamii. Tuliotesha miche ndani ya pakiti za maziwa tulizookota barabarani, tukaipanda kando ya mto. Tulizoa takataka. Tulifinyanga vumbi la makaa na udongo, tukatoa mipira ya kupikia. Kila Jumamosi tuliwapikia uji watoto waliofiwa na wazazi, maana miaka hiyo ukimaliza matanga nyumba hii unaingia nyumba ile. Ilikuwa kazi nzuri. Asitokee mtu kusema nilikuwa adui wa kikundi. Kucha zangu zilikuwa nyeusi kwa ajili yake, kanisani nilikuwa nazificha kwa leso.

Waliotuongoza walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa mama wa mtaa wa Kahawa Sukari, upande wa Nairobi, akija kwa gari na viatu vya kubadilisha. Katibu alikuwa kijana aliyetoka chuo na neno moja mdomoni: endelevu. Miche endelevu, uji endelevu. Siku moja nilimuuliza maana yake.

"Ni kitu ambacho hakiishi, Cucu," akaniambia, akiniita bibi kwa Kikuyu kama walivyoniita wote.

"Kumbe ndizo hotuba zako," nikasema, na akina mama wakacheka hadi mwenyekiti akagonga meza.

Mwaka mmoja mvua za Novemba zilikataa. Miche ikaanza kufa, na sisi tukapanda na kushuka mtoni na mitungi mgongoni, kamba zake kichwani, hadi zikatuchora paji la uso. Tulihitaji tangi la maji. Mwenyekiti akatuambia amepata wafadhili Nairobi, wanakuja Jumamosi kutuona, na tukiwapokea vizuri tangi ni letu. Tukashangilia. Mimi nilipiga vigelegele kuliko wote.

Sasa, nilikuwa nikiishi na mjukuu wangu wa darasa la nne, mtoto wa binti yangu. Baba yake alienda zake, huyo simtaji hapa. Binti yangu alikuwa anachuma kahawa Ruiru na kulala kwenye nyumba za wafanyakazi kule kule shambani. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unaacha unachofanya. Jioni moja alikuwa nje akisugua sufuria, nikamsikia akikariri:

"Mama yangu, umelala udongoni, nani sasa atanisuka nywele?"

Nikatoka. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Katibu ametufunza, Cucu. Ni ya wageni. Mimi ndiye wa mbele." Alikuwa akijivuna kabisa. "Mwenyekiti amesema nikilia vile nililia jana, tutapata tangi."

"Jana ulililia nini?"

Akasugua, akasugua. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Cucu, mama alikufa lini?"

Mwezi uliotangulia binti yangu hakuwa amekuja. Kahawa ilikuwa imeiva na msimamizi aliwanyima ruhusa. Kwa hivyo mtoto alijumlisha mwenyewe: mama haji, na watu wakubwa wenye gari wamesema yuko udongoni. Siku mbili alikuwa amekula chakula changu na kulala kitanda changu na hilo kifuani, akidhani mimi ndiye ninayemficha. Nilimwambia mama yake yu hai, lakini nilimwona hakuniamini.

Niliwahi kupigwa na mume. Niliwahi kufukuzwa shambani kwa mtu kama mbwa. Sikuwa nimewahi kukasirika vile.

Asubuhi nilimkuta mwenyekiti kwenye ukumbi wa kanisa akipanga viti.

"Umemzika binti yangu," nikamwambia.

"Mama, ni maigizo tu! Krismasi watoto wakiigiza, kuna mmoja anakuwa Yosefu. Umeona mama yake akilalamika?"

"Wageni watajua ni maigizo?"

Akashusha sauti. "Wageni wanataka kuguswa. Wewe tangi hulitaki?"

"Tangi nalitaka. Kaburi ndilo silitaki. Na mayatima si mnao? Kila Jumamosi nawapimia uji. Kwa nini hamkuwaweka wao mbele?"

Akaniangalia kama mtu anayemweleza mtoto. "Tuliwajaribu. Hawana sauti. Wakifika mbele wananyamaza tu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nikifanya kazi na watu gani. Watoto waliofiwa kweli walikuwa wamepelekwa viti vya nyuma kwa sababu hawakujua kufiwa vizuri.

Nilivaa viatu nikaenda Ruiru. Nilimkuta binti yangu katikati ya mistari ya kahawa, kikapu kiunoni.

"Jumamosi uje nyumbani," nikamwambia. "Hata kama ni kuacha kazi."

"Kuna nini, maitu?" akauliza, akiniita mama kwa Kikuyu chetu.

"Kuna matanga yako."

Akacheka. Nikamweleza. Akaacha kucheka, akaendelea kuchuma kwa mikono miwili, haraka haraka, akitupa kikapuni mbivu na mbichi. Kisha akasema, "Nitakuja."

Jumamosi wageni walikuja, wanaume wawili na mama mmoja wa Nairobi aliyevaa suti ya kijani. Walipanda miti, tukawaimbia. Binti yangu alikuwa amefika mapema, moja kwa moja kutoka Ruiru, mtoto bado hajamwona. Nilimpa birika kubwa la chai nikamwambia ahudumie meza ya wageni, na mwenyekiti, ambaye hakuwahi kumwona, alimwambia asisahau sukari.

Mjukuu wangu nilikuwa nimemweka kando yangu, nimemshika. Lakini wakati wa watoto ulipofika, mwenyekiti alikuja mwenyewe akamvuta mkono hadi mbele. Mtoto akasimama pale. Akamwona mama yake na birika. Akafungua mdomo, hakuna kilichotoka.

Mwenyekiti akamgeukia yule mama wa suti, kitambaa tayari kwenye jicho. "Mtusamehe. Uchungu umemzidi. Mama yake tulimzika juzi juzi."

Nikasimama. "Mgeni wetu," nikasema, "chai imekolea?"

"Nzuri sana, Cucu," akajibu.

"Marehemu ndiye amekumiminia. Huyo hapo. Msalimie."

Katibu akaanza kueleza kwamba mimi ni mzee, nachanganyikiwa. Yule mama akamwinulia mkono anyamaze, akamuuliza binti yangu, "Ni kweli? Huyu ni mtoto wako?"

"Ni wangu," binti yangu akasema. "Mimi ni mzima. Nikuongezee?"

Mtoto alimkimbilia, akamkumbatia miguu, chai ikamwagika. Akasema kwa nguvu, "Mama!" Akarudia, na kurudia, kama anayempigia mtu ng'ambo ya mto. Ile sauti waliyoitaka waliipata.

Wageni waliondoka kabla ya chakula. Tangi halikuja. Na hili ndilo linaloniuma hadi leo: wale mayatima wa viti vya nyuma hakuna mgeni aliyewauliza hata jina. Walikula wali wa wageni, wakaenda.

Akina mama walinichukia. Mtoni wakiniona walikuwa wananigeuzia mgongo, na mitungi yao. Mmoja aliniambia wazi, "Kwa sababu ya kiburi chako tunavunjika migongo." Nilimjibu kwamba mgongo wangu pia uko hapo hapo, nikaubeba mtungi wangu. Sikumwambia pole.

Baada ya Krismasi mwenyekiti alikuja kwangu, viatu vya kubadilisha mkononi. Wafadhili wangeweza kurudi, akasema, mradi niende ofisini kwao niseme siku ile nilichanganyikiwa. Mtoto mwenyewe hahitaji kusema chochote. Tutasema tu kwamba yule mwanamke wa chai ni shangazi.

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, na mkono wake ulisimama.

Nikamvutia mwenyekiti kiti, nikampangusia. "Kaa," nikamwambia. "Mimi sina ruhusa ya kumuua. Mwenyewe anakuja mwisho wa mwezi. Mngoje hapa umwombe."

Hakukaa. Mtoto alimwangalia hadi akaingia garini, kisha akarudi kwa maharagwe yake, akitupa mawe uani.