Hodi kwa Jengo Zima

Ninyi wajukuu zangu, na vijana wote mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi shule niliishia darasa la nne, jembe likanichukua. Sitawapambia maneno. Nitawaambia nililoliona kwa macho yangu, nanyi mlishike.

Nakumbuka Desemba moja, nywele zangu zikiwa bado nyeusi na magoti yakinitii. Mimi na rafiki yangu Mama Neema tulikuwa tunapakia samaki kiwandani, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Kanada. Kiwanda kilipofunga kwa sikukuu tukapanda basi kwenda Toronto, mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Wenzetu walidhani tunakwenda kutazama taa za Krismasi. Kumbe Mama Neema alikuwa anamtafuta mdogo wake, Apolina. Tangu majani yalipoanza kuanguka, Apolina hakupokea simu wala kujibu ujumbe. Dada yake alikuwa halali usingizi, hali chakula, na nilimsikia akimtaja kwenye sala kwa sauti ile tunayowatajia marehemu.

Tulilijua jengo tu, lile refu la rangi ya udongo barabara ya Dixon, ndege zinakoshukia. Namba ya mlango hatukuwa nayo. Mnacheka? Kwetu mtu hana namba. Unafika, unauliza kwa Apolina ni wapi, wanakupeleka mpaka uani. Tukadhani na Toronto ni hivyo hivyo.

Tukafika. Ghorofa ishirini zimesimama juu yetu, mlango wa kioo umefungwa, na ukutani vitufe vya kengele vimepangana kama mbegu za alizeti. Baridi ilikuwa inauma mpaka meno. Mama Neema akavitazama vile vitufe, akanishika mkono.

"Mama Yohana, turudi. Watatuitia polisi."

"Wawaite. Gari la polisi lina joto."

Nikavua glavu, nikabonyeza cha kwanza. "Hodi!"

Mwanamume akajibu Kisomali. Kitufe cha pili kikanikemea kwa Kiingereza. Cha tatu wakanikatia. Nikaendelea, kitufe kwa kitufe, hodi, hodi humu! Mama Neema alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, aibu imemjaa. Mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini kunataka macho makavu.

Mwishowe akajibu mtoto, naye kwa Kiingereza. Nikapiga hodi yangu. Mara nyuma yake ikapasuka sauti ya mama mtu mzima: "Karibu! Karibu! Nani huyo anapiga hodi Kanada?"

Alishuka na ndala, kanga juu ya sweta. Mama wa Uvira, kule Kongo, mnene, mwenye maneno.

"Munatafuta nani, mama?"

"Apolina. Mwembamba, ana mwanya. Akicheka, jengo zima linasikia."

"Mwenye mwanya namujua, wa ghorofa ya kumi na moja. Lakini huyo hacheki, mama."

Akatuingiza kwenye lifti. Kule juu Mama Neema akagonga. Akagonga tena. Tukasikia miguu inakuja, inaburuta, ikasimama upande wa pili wa mlango. Mlango haukufunguka.

"Hanitaki," Mama Neema akasema, machozi yanamtoka. "Twende."

Mimi sikukaa kwenye basi mchana kutwa nije kutazama ubao. Nikasogea. "Apolina! Dada yako yuko hapa, miguu imekufa ganzi. Fungua kwanza, utatukataa baadaye!"

Kitasa kikalia.

Alikuwa amekonda, amefungwa mkanda mpana kiunoni. Aliumia mgongo akinyanyua mizigo ghalani, akawa wa kulala tu. "Nilikuwa nangoja nipone ndipo nipige simu," akasema. "Nilijisifu sana kwenu, dada. Ningesema nini?"

Dada yake akamkumbatia taratibu, akiuogopa ule mgongo, kisha akaanza kumgombeza: mjinga wewe, jeuri wewe, tangu utoto hukuambiwa ukasikia! Anagombeza na kulia kwa pamoja, kamasi zinamtoka. Hapo Apolina akacheka. Lo, alicheka mpaka akashika kiuno kwa maumivu. Mama wa Uvira akapiga vigelegele, na milango ya majirani ikaanza kufunguka.

Taa za mjini hatukuziona, na sijuti. Likizo yote tulikaa kwenye ile nyumba ndogo, tunapika ugali na sombe ya majani ya muhogo, tunamkanda Apolina mgongo, tunaimba. Siku ya Krismasi watu walikaa mpaka kwenye korido. Hata yule Msomali wa kitufe cha kwanza alikuja na sambusa, akasema anataka kumwona huyo mwanamke aliyepigia hodi jengo zima. Nikamwambia, "Ndiye mimi. Leta na pilipili." Na Apolina huyo huyo, masika yalipoingia, alikuwa anatembea wima bila mkanda.

Sasa sikilizeni. Mficha uchi hazai. Ukiumwa, ukifukuzwa kazi, ukianguka, sema mapema. Wanaokupenda hawakupendi kwa kusimama kwako. Na wewe uliye mzima, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ujumbe wa simu ni fimbo ya mbali. Mtu wako akinyamaza, usiseme labda ana shughuli. Nenda. Usipojua mlango, gonga yote.

Mungu awape miguu isiyochoka na majirani wenye masikio. Msikose wa kuwagongea, wala msikose wa kumgongea.

Mimi niliporudi kwangu sikuwapa wanangu hotuba. Niliwapanga sebuleni, mkubwa kwa mdogo, nikawaambia: "Katika nyumba hii, ndugu akinyamaza, mtu avae buti aende. Na asirudi hapa kabla hajaingia ndani, akala chakula cha huko."