Mizinga ya Baba na Mafuta ya Baba Mdogo

Mwaka 1973, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, baba alifariki pale Makere, shida ikaingia kwetu bila hodi. Shule niliiachia darasa la tatu. Alichotuachia baba ni mizinga ya magogo, juu ya miti mirefu ya porini. Ndiyo iliyokuwa chumvi yetu, kanga zetu na jembe letu.

Matanga hayajaisha vizuri, baba mdogo akaja kuitaka. "Mwanamke hapandi mti wa nyuki," akamwambia mama. Na kweli, kwa sisi Waha haikuwa desturi. Bibi, aliyewazaa baba na baba mdogo, akamjibu huku anachambua maharage: "Basi atakayeshusha asali msimu huu, mizinga ni yake. Asiyeshusha anyamaze." Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Watoto wa siku hizi wakiumwa na mbu mmoja wanapiga picha uvimbe na kuwatumia marafiki. Enzi zetu nyuki alikuwa jirani. Akikuchoma karibu na jicho, kesho yake shuleni unaitwa Kitumbua. Dawa ya Bibi haikuwa na mbwembwe. Kwanza ondoka hapo, maana nyuki akichoma anaita wenzake. Halafu mwiba unakwanguliwa upesi, kwa ukucha au kwa mgongo wa kisu chake cha mpini mweusi. Haubinywi! Ukibinya unajisukumia sumu mwenyewe. Unaosha, unaweka kitambaa kilicholowa maji ya kijito, baridi ya kugonganisha meno. "Ukijikuna," alisema, "umemsaidia nyuki." Lakini mtu akivimba ulimi au akihema kwa tabu, Bibi hakutaka ubishi: machela, zahanati, mbio.

Siku ya kurina asali ikafika. Baba mdogo alitoka Kasulu mjini nywele zinang'aa mafuta ya manukato, ananukia kama bwana harusi. Bibi akanusa, akaenda kuchukua kisu chake. Mimi alikuwa amenikataza sabuni na kunikalisha jikoni kwenye moshi mpaka nikanuka kama samaki mkavu.

Baba mdogo alipofika kwenye mzinga wa kwanza, nyuki waliiacha asali wakamwendea kichwani. Alishuka kama papai lililoiva. Tukamkimbiza mpaka kijitoni.

"Mama yoo! Nakufa!"

"Hufi," Bibi akasema, kisu kinakwangua miiba. "Tulia, wewe ndiye mzee wa ukoo."

Kisha akanigeukia. "Yewe, mtoto wa marehemu. Kuna mti wa pili kule."

Nikakaza kanga kiunoni, nikapanda na kienge cha majani makavu kinachofuka moshi. Nilichomwa begani, shavuni, na pengine pasipoandikwa. Sikulia. Nilijua nikirudi mikono mitupu, mama hana chumvi. Asali ikashuka, nyeusi, nzito, sega kwa sega.

Baba mdogo, jicho moja limefunga, alinyonya sega la kwanza mpaka nta ikakauka. "Haya, mizinga yako," akasema. "Ila habari ya mafuta usimwambie mtu."

Nimewaambia watu wote.

Wajukuu zangu leo wakisikia mvumo wanafunga madirisha, asali wanainywa kwa kijiko kutoka kwenye chupa. Raha yao, lakini hawajui utamu wa sega unaloliona kwa jicho moja. Mimi sina cheti. Nina mizinga arobaini, nyumba ya bati, shamba la kahawa, mashine ya kukamulia asali, mbuzi sita, na kisu cha Bibi cha mpini mweusi.