Kofia ya Sufu katika Nyumba ya Mwenye Saluni

Kinyozi hajinyoi, na nadhani ndiyo sababu Mungu alimpa Su-chen mume.

Saluni yake ilikuwa chini, wao wakikaa juu, katika mtaa ulio nyuma ya soko mjini Tainan. Mwaka ule korona ilipoingia kisiwani kwa kishindo, wateja walikauka kama kisima cha kiangazi, akafunga mlango. Lakini mikono yake ilizoea mkasi, ikawa inamwasha. Basi akamkalisha A-kun, mumewe, dereva wa basi la watalii ambalo nalo lilikuwa limelala, akamkata nywele. Keshokutwa yake akaona upande wa kushoto umezidi kidogo, akasawazisha. Halafu ukazidi wa kulia. Mwezi ulipoisha A-kun alibaki na kichwa kama yai la bata, na akisikia tu mkasi unalia alikimbilia chooni na kujifungia.

"Mke wangu," alisema kutoka humo, "virusi sijaviona bado, lakini wewe utanimaliza."

Mtoto wao mmoja tu, Yun-ju, alikuwa darasa la nne, akisomea kwenye kompyuta juu ya meza ya chakula. Asubuhi moja, mwalimu akiwa katikati ya hesabu za sehemu, Su-chen alitokea jikoni akipiga kelele kama mnadi samaki.

"A-kun! Mtu mzima unaanika chupi juu ya sufuria ya wali? Unataka tuzile?"

Kwenye kompyuta darasa zima likacheka. Kisha mwalimu akasema kwa upole, "Yun-ju, tafadhali zima kipaza sauti."

Kuanzia siku ile watoto wenzake hawakumsalimu vinginevyo. "Yun-ju, chupi za baba zimekauka?" Mtoto akabeba kompyuta yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alipotoka siku chache baadaye alikuwa amevaa kofia nyekundu ya sufu, ya majira ya baridi, na nje jua lilikuwa la kukaanga yai.

"Kofia ya sufu!" Su-chen alishika kiuno. "Joto hili hata mjusi anatafuta kivuli."

"Nasikia baridi, Mama."

"Baridi ya wapi? Watu wakiona mtoto wa mwenye saluni anaficha kichwa watasema nimemuunguza na dawa."

"Watu gani, Mama? Huko nje hakuna watu."

Ilikuwa kweli. Su-chen akarudi jikoni kugombana na sufuria.

Mwalimu mshauri wa shule alipiga simu kuwajulia hali. Kwao watu hujuliana hali kwa kuulizana chakula, na jibu ni moja tu, hata kama chungu hakijainjikwa.

"Mama Yun-ju, mmekula?"

"Tumekula, Mwalimu! Tumeshiba kabisa. Wote wazima."

Akaweka simu, akaenda bafuni kama alivyozoea siku zile, akafungua bomba hadi mwisho na kukaa humo kitambo. Alipotoka na macho mekundu alisema ni sabuni. Sabuni ya nyumba ile ilikuwa kali sana mwaka ule.

Kwao huwezi kuacha taka mlangoni ukaenda zako. Unangoja jioni, gari la taka linakuja likipiga wimbo wake wa kinanda, na kila mtu anashuka mbio kulitupia kwa mkono wake, mabaki ya chakula mbali, karatasi mbali. Katika siku zile za kufungiwa, ile ndiyo ilikuwa harusi yao. Watu walichana nywele kwenda kutupa maganda.

Jioni moja Su-chen akichambua taka za chumbani kwa Yun-ju aliona karatasi laini imeviringwa vizuri mno. Akaifungua. Ndani mlikuwa na kishada cha nywele. Hazikukatwa. Kila unywele ulikuwa na kishina chake cheupe, na yeye nywele zilizokatwa na zilizong'olewa alizitofautisha kama wewe unavyotofautisha chumvi na sukari.

Akakaa chini sakafuni. Gari likaja, likaimba, likaondoka. Hakushuka.

Alipopata nguvu alikwenda kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya sanamu ya Mama Mazu, mungu wao wa kike, kwa kuwa hekalu lake lilifungwa. Akachukua vile vipande viwili vya mbao, vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja, ambavyo mtu huvirusha ili ajibiwe. Vikianguka kimoja bapa juu na kimoja bapa chini, ni ndiyo. Vyote vikionyesha ubapa juu, mungu anacheka tu, hajibu.

"Mama Mazu," akasema huku machozi yakimtoka, "mwanangu ni mgonjwa, au ni ukaidi, au nimpeleke kwa daktari, au nimwache?"

Akarusha. Mungu akacheka. Akarusha tena. Akacheka.

"Naye ananicheka!"

A-kun alikuwa amesimama nyuma na ndoo ya mabaki, maana gari lilishampita. "Umemuuliza maswali manne kwa mpigo, hata mimi ningecheka. Na mtoto mwenyewe umemuuliza?"

"Wewe baba yake, kamuulize wewe."

"Nilijaribu. Aliniambia nitoke, kichwa changu kinang'aa, kinamuumiza macho."

Su-chen akaenda mlangoni kwa mtoto. Akagonga. "Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

Na pale miguuni pake bakuli la uji wa samaki lilikuwa limejaa, juu limeshika utando.

Kesho yake alasiri alishuka peke yake saluni, akatazama kile kiti. Katika kiti kile alikuwa amesikia mambo ya mtaa mzima. Hakuna aliyewahi kumwambia usoni, walikiambia kioo. Akaita, "Yun-ju! Shuka, nina kazi yako."

Mtoto akashuka ameshika kofia kwa mikono miwili. "Sikatwi!"

"Hukatwi. Nakatwa mimi." Akakaa kitini, akampa mkasi.

"Mama, mimi sijui."

"Baba yako pia alidhani najua."

Yun-ju akasogea nyuma yake, akakata shungi la kwanza kwa hofu, la pili kwa hofu kidogo. Su-chen akakitazama kioo, akaanza kusema kama wateja wake walivyosema. Alisema anaogopa saluni haitafunguka tena. Anaogopa ugonjwa. Anapayuka kwa sababu akinyamaza atalia. "Na bafuni, mwanangu, siyo sabuni."

"Najua," Yun-ju akasema. Mkasi ukasimama. "Nikisikia maji yanatoka muda mrefu najua unalia. Ndipo nang'oa. Siwezi kujizuia, Mama. Nilidhani unalia kwa kosa langu, sikuzima kipaza sauti siku ya zile chupi."

"Chupi za baba yako ndizo za kulaumiwa, siyo wewe."

Mtoto akaguna, nusu kicheko nusu kilio. Su-chen akaushika mkono wake begani, na hakumwambia avue kofia. Kisha akachukua simu.

"Mwalimu, juzi uliniuliza kama tumekula. Hatujala. Mtoto wangu anang'oa nywele, na mimi nalia bafuni. Tusaidie."

Mwalimu hakushangaa. Akasema wazazi wengi wameshiba namna ile, na kesho atazungumza nao wote wawili.

Bado yuko kwenye simu, kinanda kikasikika mwisho wa mtaa. "Gari!" akapiga kelele A-kun kutoka juu. Wakavaa barakoa, wakakimbia na mifuko, Su-chen na kichwa chake, upande mmoja mrefu, upande wa pili kama umeliwa na mbuzi. Mtaa mzima ukageuka. Yun-ju akamtazama mama yake kwenye mwanga, akaona kazi yake. Akavua kofia, akamvika.

"Vaa wewe, Mama. Nywele zako zimeharibika zaidi."

Bibi Ang, jirani wa mlango wa pili, akamtazama mtoto na kipara chake kidogo juu ya sikio, akamtazama A-kun na yai lake, kisha akainua ukingo wa kofia ya Su-chen kwa kidole.

"Nyumba nzima!" akasema. "Na mimi mjinga, nangoja ufungue saluni."

Yun-ju alicheka mpaka akaangusha mfuko wa taka.