Kapsuli ya Mama Mkwe

Kwenye ukoo wa mke wangu, wanaume wote wamewahi kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, kule Mwakitolyo, na wote wametoka na viungo vyao. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani barazani, ndiye niliyepasuliwa mkono.

Uvimbe uliota ndani ya kiwiko cha kulia, pale ambapo ukijigonga mlangoni unamtaja Mungu hata kama huna dini. Kidole cha mwisho na jirani yake vikaanza kufa ganzi. Fundi mwenye vidole vitatu anaweza kushona magunia. Sare za shule, labda za watoto wa adui zake.

Daktari akasema uvimbe una damu nyingi na umelalia mshipa wa fahamu wa vidole hivyo. Kwa elimu yangu ya kidato cha nne na redio, nikamuuliza kama atanimwagia kidondani ile dawa ya kuzuia damu isitoke sana.

"Utapewa kwa dripu," akasema. "Kumwaga pale, hapana. Dawa hiyo ikiingia kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo huleta degedege, hata kifo. Kwa mshipa wa mkono hatujui vya kutosha, na mimi sitaki kujifunzia kwako."

Nikampenda papo hapo.

Walinipasua salama. Wakaacha kijimpira cha kutolea damu, kwa hiyo kidonda kilikuwa na njia wazi hadi ndani. Kesho yake nesi akafungua bandeji, akakuta damu inachuruzika kidogo, akafunika kwa kitambaa safi, akaenda kuchukua vifaa. Ndipo mama mkwe akaingia wodini.

Kwetu mama mkwe ni serikali. Humkodolei macho, huli naye sahani moja, wala humwambii "hapana".

"Shikamoo mama," nikasema nikitazama sakafu.

"Marahaba. Pole, mkwe." Akaona kitambaa kinavyolowa. Akafungua fundo la kitenge, akatoa kapsuli.

"Hii inakata damu," akamwambia mke wangu, maana mambo ya mwili wangu hawezi kuyasema nami. "Kaka yako jiwe lilipomponda mguu kule shimoni, tulifungua moja, tukamwagia unga. Leo si anacheza ngoma?"

"Mama, dawa hiyo daktari kakataza kuimwaga. Pana mshipa pale."

"Daktari yuko wapi?"

"Ana wagonjwa wengine."

"Mimi sina mwingine," akasema, na akaivunja kapsuli kiganjani.

Mke wangu akanikazia macho: sema basi! Nikatafuta neno. Maneno niliyo nayo kwa mama mkwe ni mawili. La kwanza, "ndiyo mama", niliona linafaa kuachwa. Nikatumia la pili.

"Asante mama," nikasema.

Akasogea. Unga ukiwa mkononi, vidole vyangu viwili vikiwa havina msemaji, ndipo nikakumbuka kwamba sina shati. Nikavuta shuka kwa mkono wa kushoto hadi kidevuni, kiwiko na kila kitu ndani.

Mama mkwe akasimama kama aliyekanyaga mpaka wa shamba la watu. Akageuza uso dirishani. Mkwe akijifunika, hafunuliwi. Hilo halina kapsuli.

Tukabaki hivyo, yeye na dirisha, mimi na shuka, mke wangu akicheka ndani ya khanga, hadi nesi akarudi.

"Mama, huo unga wa nini?"

"Wa mkwe. Ana haya. Nasubiri zimwishe."

"Hiyo ni ya kumeza, tena kwa idhini ya daktari. Kidondani haiendi."

"Haya," akasema mama mkwe, akaufunga unga tena kwenye fundo. Serikali na serikali zilielewana.

Ganzi iliondoka taratibu. Kidole cha mwisho bado kizito asubuhi, lakini uzi kinaushika. Nguo ya kwanza niliyoshona ilikuwa gauni la mama mkwe. Vipimo alichukua mke wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikiandika.

Alipolijaribu, nilimsikia akimwambia binti yake:

"Upindo umenyooka. Mwambie mkwe ule uvimbe uliuogopa unga wangu."

"Asante mama," nikasema kutoka nyuma ya pazia.